Jon Postel: Mtunza Daftari wa Intaneti

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Muhula uliopita ofisi ya jumuiya yetu ilipata mtihani mdogo. Sauti za darsa za tafsiri pamoja na mitihani ya miaka ya nyuma vilikuwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye ruta ya ofisi, na kila mwenye kompyuta alikuwa akivifungua bila waya. Siku moja ndugu mmoja akaja na kompyuta mpya, nayo ikakataa. Kompyuta za zamani zinafungua, ile mpya haifungui. Wapo waliosema diski imekufa. Wapo waliosema ni virusi. Wengine wakapendekeza tununue ruta nyingine kwa fedha tulizokuwa tumechangishana kwa ajili ya futari.

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si kompyuta. Lakini nilikuwa mmoja wa walioshika amana ya fedha zile, na sikuridhika zitoke kabla hatujajua ugonjwa ni upi. Katika kutafuta sababu nilikutana tena na tena na jina la mtu mmoja, Jon Postel. Nilipoyasoma maisha yake niliona yanafaa kuandikwa hapa. Hakujulikana kuwa Muislamu, na wala hatumtafuti kwa ajili ya dini. Mtume wetu (s.a.w.) katika Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit kuwa kiongozi wa njia, hali ya kuwa hakuwa amesilimu, kwa sababu alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu katika kazi yake. Kwa mlango huo tunaingia.

Kijana wa California

Jonathan Bruce Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, jimbo la California, Marekani. Alisoma sekondari ya Van Nuys, shule ile ile waliyopitia Vint Cerf na Steve Crocker, ambao baadaye wangekuwa wenzake katika kazi. Akaingia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akapata shahada ya kwanza ya uhandisi mwaka 1966, ya pili mwaka 1968, na udaktari wa sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Tuangalie umri. Mwaka 1969 serikali ya Marekani ilipoanza kuunganisha kompyuta za vyuo kwa mtandao ulioitwa ARPANET, kituo cha kwanza kilikuwa hapo hapo chuoni kwake, katika maabara ya Profesa Leonard Kleinrock. Ujumbe wa kwanza ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969 kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford. Walitaka kutuma neno la kuingia kwenye kompyuta ya upande wa pili, zikafika herufi mbili tu, na mtambo ukaanguka. Wakarekebisha, wakarudia, ikaingia. Postel alikuwa na miaka 26. Waliokuwa wakiandika kanuni za mtandao huo walikuwa wanafunzi kama sisi, wanaokaa kwenye vyumba vya chuo na kungojea profesa awaambie kuwa wamekosea.

Kwa sababu hiyo walikuwa na haya. Walipotakiwa kuandika makubaliano yao hawakuthubutu kuyaita sheria. Steve Crocker aliandika waraka wa kwanza Aprili 1969, na nyaraka hizo zikaitwa Maombi ya Maoni, kwa kifupi RFC. Ni kama kusema: haya ndiyo tuliyoyaona, mwenye la kuongeza aongeze. Jina hilo la unyenyekevu lipo mpaka leo, na intaneti yote imejengwa juu ya nyaraka hizo.

Postel ndiye aliyekuwa mhariri wake, akazitunza kwa takriban miaka 28, mpaka kufa kwake. Kanuni mojawapo ya kazi hiyo itawafurahisha wanafunzi wa ulumul-Qur'an. Waraka ukishatolewa na kupewa namba haubadilishwi hata herufi. Kosa likionekana, au jambo jipya likihitajika, hutolewa waraka mwingine wenye namba nyingine, unaosema wazi kuwa unafuta hukumu ya ule wa kwanza. Wa kwanza unabaki mahali pake ili watu waujue. Silinganishi maandishi ya watu na Wahyi, Allah atuepushe. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kusoma nasikh na mansukh hatapotea akifungua nyaraka za Postel.

Aliyejitolea kushika daftari

Kompyuta moja hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: inatuma barua, inatoa faili, inafungua kurasa. Ili mgeni ajue agonge mlango upi, kila kazi hupewa namba ya mlango, ambayo mafundi huiita poti. Kama kila chuo kingejichagulia namba zake, kompyuta zisingeelewana kamwe. Lazima awepo mtu mmoja wa kuandika kwenye daftari kwamba namba hii ni ya kazi hii.

Mei 1972 Postel aliandika waraka namba 349. Humo alipendekeza awepo msimamizi mmoja wa kugawa namba hizo, na akauliza, nusu kwa mzaha, kama asiwe yeye. Hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitaka kazi ile. Haikuwa na mshahara wa maana wala sifa. Ilikuwa kazi ya karani.

Hapa tunakumbuka mjadala tunaousoma darasani. Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura (r.a.) kuomba uongozi. Lakini Nabii Yusuf (a.s.) alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, kwa kuwa alijua kuzihifadhi na ana elimu yake. Wanachuoni wakaoanisha kwa kusema kuwa anayelaumiwa ni anayeiomba kazi kwa ajili ya cheo. Ama mwenye uwezo, anayeona kuwa jambo litaharibika asipolishika, hana lawama. Daftari la Postel ni mfano mwepesi wa aina hii ya pili.

Daftari hilo likakua mpaka likapewa jina la ofisi, IANA, yaani mamlaka ya kugawa namba za intaneti. Kwa miaka mingi ofisi hiyo ilikuwa ni yeye na wasaidizi wachache, mkubwa wao akiwa Joyce Reynolds. Tangu mwaka 1977 alifanya kazi katika Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, huko Marina del Rey, na hakuhama tena. Walioonana naye wanamkumbuka kwa ndevu nyingi, makubadhi miguuni na maneno machache.

Mitihani ya kuzungumza

Shahada yake ya udaktari ilihusu jambo moja: namna ya kupima itifaki za mawasiliano ili kujua kama zitakwama. Itifaki ni makubaliano ya namna ya kuzungumza: nani aanze, aseme nini, mwenzake ajibu vipi, na ikiwa jibu halikufika ifanyweje.

Agosti 1977 aliandika maoni mafupi yaliyokuwa na uzito mkubwa. Wakati huo itifaki ya TCP ilibeba kazi mbili kwa pamoja: kupeleka pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na kuhakikisha kuwa maneno yote yamefika kwa mpangilio. Postel alisema huko ni kuchanganya ngazi mbili zinazopaswa kutengana. Mwaka uliofuata zikatenganishwa. Kazi ya kupeleka ikaitwa IP, na kazi ya kuhakikisha ikabaki kuwa TCP. Ndiyo maana ruta iliyo njiani haihitaji kujua kama umebeba darsa ya tafsiri au picha ya harusi. Inasoma anwani tu na kupitisha. Mwenye kujua kilichomo ni kompyuta ya mwisho.

Septemba 1981 zilitoka nyaraka tatu alizozihariri: namba 791 ya IP, 792 ya ICMP na 793 ya TCP. Agosti 1982 ikatoka namba 821 ya kutuma barua pepe. Oktoba 1985, pamoja na Joyce Reynolds, akatoa namba 959 ya FTP, itifaki ya kuhamisha faili.

Lakini karatasi haitoshi. Waandishi wa programu walisoma waraka mmoja, kila mtu akaelewa lake. Basi wakawa wanakutana na kupimana. Mwaka 1987 Postel aliandika taratibu za mapambano hayo katika waraka namba 1025, kwa alama kama za ndondi. Unaanza kwa kupata alama ukiweza kuzungumza na nafsi yako: programu yako ijifungulie mazungumzo, ijitumie maneno, kisha iyafunge kwa adabu bila kuanguka. Ukifaulu hapo unakwenda kuzungumza na mwingine, ambako alama ni kubwa zaidi. Kisha unazungumza na wengi kwa wakati mmoja, na unatumiwa pakiti iliyovurugwa makusudi ili ionekane kama utavumilia. Katika waraka huo alikiri kwamba siku za mwanzo, wawili wakishindwa kuelewana, huenda kosa likawa la programu na huenda likawa la waraka wenyewe, na chochote kati ya hivyo viwili kiliweza kurekebishwa.

Kukiri huko ni adabu ya wanachuoni. Ni wangapi katika sisi tunaokubali kwamba katika ugomvi wa mabweni huenda kanuni tuliyoiandika sisi ndiyo yenye kasoro?

Kuhama kutoka itifaki ya zamani kwenda TCP/IP nako kulipangwa naye, katika waraka namba 801 wa Novemba 1981. Siku iliyowekwa ilikuwa 1 Januari 1983. Wengi walizembea, kama ilivyo kawaida ya watu na muda wa mwisho. Basi katika mwaka 1982 wasimamizi walizima njia ya zamani kwa siku moja, na baadaye kwa siku mbili, ili asiyehama aonje mapema. Siku ilipofika, mtandao ulihama.

Kanuni iliyobeba jina lake

Januari 1980, katika waraka namba 761, Postel aliandika kanuni ambayo mafundi wote duniani wanaijua kwa jina lake. Maana yake ni kwamba programu iwe na msimamo mkali katika kile inachokituma, na iwe na upole katika kile inachokipokea kutoka kwa wengine. Unapotuma, fuata waraka herufi kwa herufi. Unapopokea kitu chenye kasoro ndogo, lakini maana yake inaeleweka, usimfungie mwenzako mlango.

Mwenye kusoma sira za wema waliotangulia hataiona kanuni hii kuwa ngeni. Walijihesabu kwa mizani ya dhahabu na kuwatafutia ndugu zao nyudhuru. Sisi wa leo tumeigeuza: nafsi zetu tunazipa kila rukhsa, na ndugu akichelewa mara moja kwenye kikao tunamtoa kwenye orodha.

Intaneti ilienea kwa upole huo. Kompyuta za makampuni yaliyoshindana, zilizoandikwa na watu wasiojuana, ziliweza kuzungumza kwa sababu kila moja ilikubali kuvumilia lafudhi ya mwenzake.

Daftari la majina ya nchi

Miaka ya 1980 watu walichoka kukumbuka namba, yakaja majina ya vikoa, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris katika taasisi ile ile, kwa kazi aliyopewa na Postel. Kila nchi ikahitaji mwisho wake wa jina. Hapa palikuwa na mtego. Nani aamue kipi ni nchi na kipi si nchi?

Postel alikataa kuamua. Alichukua orodha ya kimataifa ya alama za nchi, ile ya ISO 3166, akasema: iliyomo ataiandika, isiyokuwemo si kazi yake kuihukumu. Ndivyo mwisho wa .ke ulivyoingia kwenye daftari mwaka 1993, na .ug na .tz mwaka 1995. Zaire ilipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 1997, .cd ikaandikwa, na .zr ikaondolewa kabisa mwaka 2001. Palestina ilipoingizwa kwenye orodha ile mwaka 1999, njia ya .ps ilifunguka, ikaandikwa mwaka 2000. Wakati huo Postel alikuwa ameshafariki. Kanuni yake ilifanya kazi bila yeye, na bila kumwuliza mkubwa yeyote kama anaipenda au anaichukia.

Mwezi Machi 1994 alitoa waraka namba 1591 kuhusu wanaokabidhiwa majina hayo. Alisema kwa maneno ya wazi kwamba wao ni wadhamini kwa niaba ya watu wa nchi ile na wa intaneti yote, na kwamba haifai kuzungumzia haki na umiliki. Kinachofaa ni kuzungumzia wajibu na huduma. Sisi tuna neno moja kwa jambo hilo, nalo ni amana.

Januari 1998

Miaka ya 1990 fedha ziliingia. Kampuni ya Network Solutions, kwa mkataba na serikali ya Marekani, ilianza mwaka 1995 kutoza dola 100 kwa kusajili jina kwa miaka miwili. Daftari lililokuwa la karani likawa dhahabu. Makampuni, wanasheria na serikali wote wakalitaka. Jarida moja maarufu la Uingereza likampa Postel lakabu yenye jina asilostahili kupewa kiumbe, nasi hatulirudii hapa. Lakini inaonyesha namna watu walivyoona ukubwa wa kilichokuwa mkononi mwake.

Tarehe 28 Januari 1998 Postel alituma barua pepe kwa wasimamizi 8 wa seva za mzizi, zile zinazojua majina yote ya mwisho yanapatikana wapi. Aliwaomba waache kuchukua orodha kutoka seva ya Network Solutions, waichukue kwenye seva ya taasisi yake. Hakuwa na jeshi wala amri ya mahakama. Walimtii kwa sababu walimwamini. Kwa siku chache sehemu kubwa ya intaneti ilikuwa ikifuata daftari kutoka Marina del Rey, na watumiaji wa kawaida hawakuhisi chochote.

Ikulu ya Marekani ilihisi. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, aliingilia kati, na Postel akarudisha mambo yalivyokuwa. Alieleza kuwa lilikuwa jaribio la kuona kama kazi inaweza kuhamishwa salama. Wapo waliomwamini, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba alikuwa akionyesha ni nani hasa anayeaminiwa.

Nimelifikiria sana tukio hili. Upande mmoja, aliyeshika amana hana ruhusa ya kuihamisha bila kumshauri mwenye haki, na kubadilisha kwa siri kitu kinachotegemewa na watu wengi ni hatari hata kama nia ni njema. Upande mwingine, amana ya watu wote ilikuwa ikigeuzwa kuwa mali ya wachache, na yeye ndiye aliyekuwa macho. Mimi naona alikosea kutoshauriana, lakini hakukosea katika alichokihofia. Kinachompa uzito ni kuwa alipoambiwa arudishe, alirudisha. Aliweza kung'ang'ania, na hakung'ang'ania.

Miezi iliyofuata alisaidia kuunda chombo kipya, ICANN, kilichosajiliwa mwisho wa Septemba 1998, ili daftari lisitegemee mtu mmoja. Tarehe 16 Oktoba 1998 alifariki Los Angeles kwa maradhi ya moyo yaliyomsumbua miaka kadhaa. Alikuwa na miaka 55. Rafiki yake wa tangu shule, Vint Cerf, aliandika taazia, ikatolewa kama waraka namba 2468, katika nyaraka zile zile alizozihariri marehemu.

Upole unapofikia mpaka

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye sifa. Kanuni ya Postel imekosolewa na mafundi wenyewe, na mwaka 2023 ukatolewa waraka namba 9413 unaoeleza madhara yake. Hoja ni hii. Ukivumilia kosa leo, mkosaji hajui kama amekosea. Kesho wengine wanaiga kosa lake. Baada ya miaka kumi kosa limekuwa sehemu ya itifaki, na asiyelikubali ndiye anayeonekana mbovu. Baya zaidi, mlango uliouacha wazi kwa ajili ya mgeni mwenye kasoro huingiwa pia na mwizi.

Wanafunzi wa hadithi wameshaelewa ninakokwenda. Muhammad bin Sirin, katika maneno yaliyopokewa na Imamu Muslim kwenye utangulizi wa Sahihi yake, alieleza kuwa mwanzoni watu hawakuwa wakiuliza kuhusu isnadi. Ilipotokea fitna, wakaanza kusema watajwe wapokezi, wakapokea kwa watu wa Sunna na kuacha kwa watu wa bidaa. Dhana njema ilikuwa sahihi mahali pake. Yalipoingia maneno ya kutunga, dhana njema bila uhakiki ingeiharibu dini.

Ofisini kwetu yalikuwa yametokea mambo hayo hayo. Kompyuta zinapogawana faili kwenye mtandao wa ndani, nyingi hutumia itifaki ya SMB, iliyoanzia IBM mwaka 1983. Si kazi ya Postel, ila poti yake, namba 445, imeandikwa katika daftari alilolianzisha. Toleo lake la kwanza liliandikwa zama za kuaminiana. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipitia tundu la toleo hilo ikafunga kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Hiyo ndiyo iliyokuwa fitna. Tangu mwisho wa mwaka huo Windows mpya hazikuja tena na toleo la kwanza likiwa limewashwa. Ruta yetu, ya miaka mingi, ilijua toleo hilo peke yake. Kompyuta mpya ilimwuliza mpokezi isnadi yake, naye hakuwa nayo.

Tulivyoitoa amana yetu

Tuliligundua hilo kwa njia ya Postel, yaani ngazi kwa ngazi. Kwanza tuliiuliza ruta kama ipo, kwa amri ya ping, inayotumia ICMP ya waraka namba 792. Ikajibu, basi waya, mawimbi na anwani ni salama. Pili tukajaribu kuifungua kwa namba ya anwani badala ya jina, ili kuondoa shaka ya majina. Bado. Tatu tukaangalia kama poti 445 iko wazi. Iko wazi. Ikabaki ngazi ya mwisho, lugha yenyewe, na tulipousoma kwa utulivu ujumbe wa Windows, ulikuwa ukisema tangu mwanzo kuwa upande wa pili unataka SMB ya toleo la kwanza. Tulikuwa tunaufunga bila kuusoma.

Ndugu mmoja akasema tuwashe toleo la kwanza kwenye kompyuta mpya, yaishe. Ingefanya kazi. Lakini ni kumfungulia mlango kila aliye kwenye mtandao, kwa uvivu wetu wa siku moja. Tukatafuta masasisho ya ruta, hayakuwepo. Ila ruta ile iliweza pia FTP. Aliyekuwa bwenini, nyuma ya ruta nyingine, akaingia, nywila ikakubaliwa, lakini orodha ya faili haikutokea. Sababu ni kuwa FTP ina njia mbili, moja ya amri na moja ya faili. Kwa desturi yake ya zamani seva ndiyo inayomwita mteja kwa ile njia ya pili. Ruta za leo huficha kompyuta zilizo nyuma yake, kwa hiyo wito ule unagonga ukuta. Ufichaji huo ulielezwa katika waraka wa mwaka 1994, miaka tisa baada ya waraka wa FTP. Hata hivyo, katika waraka ule ule wa 1985 mna njia ya pili, ambapo mteja ndiye anayeita mara zote mbili. Tulibadilisha mpangilio huo, orodha ikatokea, tukanakili kila kitu.

Kisha FTP tukaifunga, kwa sababu hupitisha nywila wazi, kila mwenye kusikiliza njiani anaisoma. Faili zikahamia kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa imelala stoo, tukaiwekea Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, inayozungumza matoleo mapya ya SMB. Hatukutumia hata senti. Fedha za futari zilikwenda kwenye futari, na darsa zimebaki.

Ndugu msomaji, ukipewa daftari la jumuiya, la michango, la vitabu, au hata la funguo za msikiti wa chuo, usilidharau kwa kuwa halina cheo. Liandike sawasawa, usifute ya nyuma kwa siri, na jiandae kulikabidhi. Uwe mkali kwa unachokitoa na mpole kwa unachokipokea, ila upole usikufanye uache kuuliza khabari imetoka kwa nani. Na jambo likikwama kati yako na mwenzako, msikimbilie kununua kipya. Shukeni ngazi kwa ngazi mpaka mjue maneno yalipokatikia.

Tunamwomba Allah atujaalie kuwa wenye kuzitekeleza amana zetu na ahadi zetu, na atunufaishe kwa tuliyoyasoma. Lililo sahihi katika makala hii ni kwa tawfiki Yake, na kosa ni langu.

Wabillahi tawfiq.